Kwa nini prednisoloni hukawia, na inafanya nini ndani ya seli

Swali: "Daktari, shikamoo. Nina pumu tangu utotoni. Wiki iliyopita kifua kilinibana vibaya, nikapewa vidonge vya prednisoloni vya siku 5. Nilimeza asubuhi, nafuu ya kweli nikaiona jioni. Nikimeza ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, haipiti saa moja naona tofauti. Nimesoma kuwa hizi steroidi ni homoni. Rafiki yangu anazitumia kwa baridi yabisi, mwingine kwa ugonjwa wa ngozi. Dawa moja inawezaje magonjwa yote hayo? Inafanya nini hasa ndani ya seli? Na mbona kila mtu ananionya nisizizoee?"

Marahaba. Umeuliza mambo matatu, lakini mzizi wake ni mmoja, kwa hiyo nitaufuata huo. Steroidi uliyomeza inaingia ndani ya seli, inafika hadi kwenye kiini ambako DNA imetunzwa, na huko inaamua jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze. Kukawia kwake, upana wa kazi yake na hata ubaya wake vinatoka hapo.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Neno "steroidi" linawatisha watu kwa sababu ya wanyanyua vyuma. Zile za kujenga misuli ni ndugu wa testosteroni. Hizi zako ni ndugu wa kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Zote zinafinyangwa kutokana na kolesteroli, ndiyo maana zikabeba jina moja la ukoo, lakini tabia ni mbalimbali kabisa. Tena hizi zako zikitumiwa muda mrefu huila misuli badala ya kuijenga.

Mwili wa mtu mzima hutengeneza kama miligramu 10 za kotisoli kwa siku. Miligramu 5 za prednisoloni zina nguvu ya kutuliza uvimbe inayolingana na miligramu 20 hivi za kotisoli. Sasa piga hesabu: mtu mzima mwenye pumu iliyobana mara nyingi hupewa miligramu 40 za prednisoloni kwa siku, yaani sawa na miligramu 160 za kotisoli. Umeujaza mwili homoni yake yenyewe, mara kumi na zaidi ya ile inayojitengenezea siku ya kawaida. Hesabu hiyo usiisahau, tutairudia tukifika kwenye lile onyo la kuzoea.

Sasa huo uvimbe wenyewe. Vitabu vya tiba kwa Kiswahili huuita mchochota: wekundu, joto, kuvimba na maumivu, na nyuma yake chembe nyeupe za damu zilizoitwa mahali fulani zikapigane. Nani anaziita? Ni seli za mahali hapo zenyewe. Chukua seli moja ya ukuta wa njia ya hewa katika mapafu yako. Ndani yake, nje kidogo ya kiini, kuna protini iitwayo NF-kappa-B. Siku za amani imefungwa kamba na protini nyingine, imekaa tu. Virusi au vumbi likiigusa seli, ile kamba inakatwa, NF-kappa-B inakimbilia kwenye kiini, inashika DNA na kuanza kufungua jeni moja baada ya nyingine. Zinatoka saitokini, ambazo ni jumbe za kuita jeshi. Vinatoka vimeng'enya vya kutengeneza kemikali za maumivu. Kwenye kuta za mishipa midogo ya damu zinachomoza protini zinazonata, ili chembe nyeupe zinazopita zinase na kupenya kwenda kwenye tishu. Jeshi likifika nalo linatoa saitokini zake, na hizo zinaamsha NF-kappa-B katika seli za jirani. Moto unajichochea wenyewe. Kwa mgonjwa wa pumu mwisho wake ni ukuta uliovimba, ute mzito, na njia ya hewa iliyobaki nyembamba.

Hapo ndipo kidonge chako kinapoingia. Prednisoloni inafyonzwa kutoka utumbo hadi kwenye damu, ambako sehemu kubwa inasafiri imebebwa na protini za damu. Ile iliyo huru tu ndiyo inayoingia kwenye seli. Na inavyoingia ni jambo la kutazama. Insulini au adrenalini hubisha hodi nje: kuna kipokezi kwenye utando wa seli kinachopokea salamu na kuzipeleka ndani, homoni yenyewe ikabaki mlangoni. Steroidi haibishi hodi. Ni dutu ya mafuta, na utando wa seli nao ni mafuta, basi inapenya moja kwa moja.

Ndani inamkuta mwenyeji wake, kipokezi cha kotisoli: uzi wa asidi za amino 777 uliokunjwa, ukiwa umeshikiliwa na protini walezi. Mlezi mkuu anaitwa Hsp90, na kazi yake ni kukiweka kipokezi wazi kama kiganja kinachosubiri kupewa kitu. Steroidi ikikaa kwenye kiganja, kiganja kinajifunga, umbo la kipokezi linabadilika, na walezi wanajipanga upya. Kisha kipokezi kinavutwa juu ya nyuzi za ndani ya seli, kama mzigo kwenye reli, hadi kwenye kiini. Safari hiyo yote ni dakika, nusu saa hivi. Kwa hiyo ile siku yako nzima ya kungoja haikuishia njiani.

Iliishia kwenye kiini na baada ya kiini. Kipokezi kikifika huko kina kazi za namna mbili.

Ya kwanza ni kuwasha. Vipokezi viwili vinashikana, na kwa pamoja vinatafuta sehemu maalumu kwenye DNA yenye herufi 15: sita upande huu, sita upande ule zikitazamana kama sura na kioo, na tatu za kati ambazo hazina masharti. Wakishashika hapo, jeni ya jirani inaanza kusomwa. Miongoni mwa jeni zinazowashwa ziko za kuzima moto. Mojawapo inatengeneza protini inayoidaka NF-kappa-B na kuizuia isikae kwenye DNA. Nyingine inatengeneza kimeng'enya kinachovunja mnyororo wa ishara za hatari kabla haujafika kwenye kiini. Nyingine inaongeza ile kamba inayoifunga NF-kappa-B. Kuna inayoshughulika na jumbe zilizokwisha kuandikwa: inazishika nakala za jeni, ziitwazo RNA, za baadhi ya saitokini na kuzipeleka zikachanwe kabla hazijasomwa. Na kwa mgonjwa wa pumu iko moja ya kupendeza zaidi, jeni ya kipokezi cha adrenalini kwenye misuli ya njia ya hewa. Hicho ndicho kipokezi kinachotumiwa na salbutamoli yako ya kuvuta. Steroidi inaviongeza vipokezi hivyo, ndiyo maana siku ya pili mtu huona salbutamoli ileile iliyokuwa imegoma sasa inashika.

Kazi ya pili ni kunyamazisha, na wengi wetu tunaiona ndiyo tamu zaidi kuifundisha. Hapa kipokezi hakihitaji kushika DNA kwa mkono wake. Kinaikuta NF-kappa-B iko kazini juu ya jeni ya saitokini, kinaipanda mgongoni. Ili jeni isomwe, DNA iliyoviringishwa kwenye vigoroko vya protini viitwavyo histoni lazima ilegezwe, na NF-kappa-B hufanya hivyo kwa kuleta vimeng'enya vya kulegeza. Kipokezi cha steroidi kinaleta mpinzani wao, kimeng'enya cha kukaza kinachoitwa HDAC2. Uzi unakazwa, jeni inafungika, ujumbe unakatika. Jeni za saitokini nyingi, za vimeng'enya vya maumivu na za zile protini zinazonata kwenye mishipa, zote zinaweza kufungwa kwa namna hii.

Kama unavuta sigara, soma sentensi hii mara mbili. Moshi wa sigara unaipunguza HDAC2 kwenye mapafu, na hiyo ni moja ya sababu kubwa za steroidi kufanya kazi kwa unyonge kwa wavutaji wenye pumu, na kwa wagonjwa wa mapafu yaliyoharibiwa na moshi. Dawa imefika, kipokezi kimefika, lakini mkazaji wa uzi hayupo.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba faida zote zinatokana na kunyamazisha na madhara yote yanatokana na kuwasha, na utafiti mwingi ukafanywa kutafuta dawa itakayofanya la kwanza bila la pili. Wazo zuri, ila seli haikulisoma. Umeona hapo juu ni wazimamoto wangapi wanaotokana na kuwasha. Binafsi sidhani kama mgawanyo huo utakuja kukaa sawasawa.

Sasa rudi kwenye saa zako. Kuwasha jeni maana yake isomwe, nakala itoke kwenye kiini, protini itengenezwe, iwe nyingi ya kutosha: hizo ni saa. Kunyamazisha nako kunataka subira, kwa sababu kufunga koki hakumwagi maji yaliyokwisha kujaa kwenye ndoo. Saitokini zilizotoka bado zipo, chembe nyeupe zilizopenya bado zimo kwenye ukuta wa njia ya hewa, ute umekwisha kuwa mzito. Lazima vyote hivyo vichakae au viondolewe. Katika shambulio la pumu nafuu ya vidonge huanza kuonekana baada ya saa 4 au zaidi, na hata dawa ikichomwa kwenye mshipa haiwi ya papo hapo, maana foleni haiko tumboni, iko kwenye kiini. Ndiyo sababu hupewa mapema, pamoja na dawa ya kutanua njia ya hewa itakayomshikilia mgonjwa wakati steroidi inajipanga.

Ibuprofeni inakwenda haraka kwa sababu haigusi jeni hata moja. Utando wa seli una mafuta ambayo kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi A2 huyakata na kutoa asidi ya arakidoni. Asidi hiyo ina njia mbili mbele yake. Njia moja, kupitia kimeng'enya COX, inaleta prostaglandini: maumivu, homa, uvimbe. Njia ya pili inaleta lukotrieni, ambazo zinabana njia ya hewa na kuita chembe nyeupe. Ibuprofeni na aspirini zinaziba COX, ambayo iko tayari imetengenezwa na inafanya kazi, kwa hiyo kazi inasimama mara moja. Lakini zinaziba njia moja tu. Steroidi inakwenda juu ya chemchemi: inawasha jeni ya protini iitwayo aneksini A1, ambayo inaidhibiti fosfolipesi A2 yenyewe, na wakati huohuo inanyamazisha jeni ya COX-2, ile COX inayozalishwa kwa wingi wakati wa uvimbe. Njia zote mbili zinapungua.

Hapo kuna jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja. Baadhi ya watu wenye pumu hupata shambulio kali wakimeza aspirini au ibuprofeni, kwa sababu ukiziba njia ya prostaglandini, lukotrieni zinapanda na breki iliyokuwa inazizuia inaondoka. Inaelekea wewe si mmoja wao, kwa kuwa unaimeza kwa mgongo na kupona. Lakini mwambie daktari wako kwamba unaitumia, hasa ukiona pua zinaziba au kifua kinabana baada yake.

Umeuliza dawa moja inawezaje magonjwa mengi. NF-kappa-B ya kwenye goti la mwenye baridi yabisi ni ileile ya kwenye mapafu yako, na kipokezi cha kotisoli kipo karibu katika kila seli ya mwili. Mwaka 1948 katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walianza kuwachoma sindano ya kotisoni, ndugu wa karibu wa kotisoli ambayo mwenzao Edward Kendall alikuwa ameitenga, wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa hawajiwezi. Mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyekuwa anakokota miguu, baada ya siku chache alikuwa anatembea. Hench na Kendall pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Jeni ya kipokezi cha binadamu ilikuja kusomwa mwaka 1985, kwenye maabara ya Ronald Evans huko California. Katikati hapo madaktari walitibu kwa miongo mitatu na nusu kwa ufunguo ambao kufuli lake lilikuwa halijachorwa.

Seli hazipokei ujumbe huu kwa namna moja, na hilo huwachanganya hata wahudumu wa afya. Tazama aina nne za chembe nyeupe. Limfositi nyingi zikipata steroidi hujiua kwa utaratibu. Eosinofili, wale wachokozi wakubwa wa pumu, nao hupungua. Makrofaji haifi, inabadilishwa kazi: inaacha kupiga kelele, inaanza kuzoa mizoga ya seli na kufanya usafi. Lakini neutrofili? Ukipima damu siku moja baada ya kuanza prednisoloni utazikuta zimepanda, na mtu akiona karatasi ya maabara anashtuka kwamba maambukizi yameongezeka. Kumbe sehemu kubwa ni zilezile zilizokuwa zimenata kwenye kuta za mishipa. Protini za kunata zimenyamazishwa, zimebanduka, sasa zinaogelea kwenye damu ambako sindano inazikuta. Nyingi kwenye damu, chache kwenye tishu: ndicho hasa tulichokitaka. Kama hujawahi kupewa majibu ya damu ya namna hiyo, siku ukipewa mkumbushe anayeyasoma kwamba uko kwenye steroidi.

Nguvu ya kunyamazisha jeshi ni nzuri pale tu jeshi linapoharibu kuliko adui. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilionyesha hilo waziwazi mwaka 2020 kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa. Walipewa deksamethasoni, steroidi ya ukoo huuhuu, miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 29.3, dhidi ya 41.4 kwa wasiopewa. Waliokuwa wanahitaji oksijeni tu nao walifaidika, ingawa kwa kiasi kidogo. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Wa kwanza walikuwa wanauawa na mchochota wao wenyewe. Wa mwisho bado walikuwa wanahitaji jeshi lao.

Nimebakiwa na kuzoea. Kipokezi kilekile kinachofunga jeni za saitokini kwenye mapafu kiko pia kwenye ini, na huko kinawasha jeni za kutengeneza sukari, hivyo sukari ya damu inapanda. Kwenye mifupa kinawadhoofisha wajenzi, mifupa ikapungua uzito. Kwenye misuli kinaruhusu protini zivunjwe. Kwenye ngozi kinapunguza ujenzi, ikawa nyembamba na kuchubuka upesi. Machoni unaweza kupata mtoto wa jicho au presha ya jicho. Na kinga iliyonyamazishwa inaweza kuacha kifua kikuu kilicholala kiamke. Hayo ni mambo ya miezi na ya vipimo vikubwa. Siku 5 zinaweza kukupandishia sukari, kukunyima usingizi na kukupa njaa, basi.

Halafu iko ile hesabu ya miligramu 160. Ubongo unapima kotisoli iliyo kwenye damu kila wakati. Ukiikuta imejaa, unaacha kutuma amri kwa zile tezi za juu ya figo, na tezi isiyotumwa hunywea. Kwa siku 5 hainywei kiasi cha kukudhuru, ndiyo maana uliambiwa umalize vidonge uache, bila kupunguza kidogokidogo. Ukizimeza wiki 3 au zaidi mambo yanabadilika: ukiacha ghafla, dawa imeondoka na tezi bado imelala. Mtu anaishiwa nguvu, anatapika, presha inashuka, na akipata ugonjwa mwingine wakati huo anaweza kufa. Kwa hiyo hiyo hofu ya "kuzoea" unayoambiwa si ya uraibu. Hakuna anayetamani prednisoloni kama anavyotamani sigara. Tezi ndiyo inayohitaji muda wa kuamka, na muda huo hupangwa na daktari kwa kupunguza kipimo hatua kwa hatua. Kama huwa unazinunua mwenyewe kila kifua kikibana, ukajikuta unazimeza mara nyingi kwa mwaka, nenda ukamwambie daktari. Hiyo ni dalili kwamba pumu yako haijadhibitiwa.

Ndiyo maana pia ulishauriwa umeze asubuhi. Kotisoli yako ya asili hupanda kuelekea alfajiri na kushuka kabisa karibu na usiku wa manane. Dawa ya asubuhi inapanda pamoja na wimbi lililokwisha kupanda. Ya usiku inaupa ubongo habari ya uongo wakati ule hasa unapojiandaa kuiamsha tezi, na wewe unabaki unatazama dari.

Kwa kila siku, steroidi unayoivuta kwenye mapafu inafanya kazi hiihii niliyoieleza, kipokezi kilekile, uzi uleule, kwa kipimo cha mikrogramu badala ya miligramu. Sehemu inayomezwa huharibiwa kwa kiasi kikubwa na ini kabla haijasambaa mwilini. Inayobaki kinywani ndiyo huleta utando mweupe wa fangasi kwenye ulimi, kwa kuwa hata huko inainyamazisha kinga. Ukishavuta, sukutua kwa maji, kisha uyateme.